Mita ya Mgeni: Maisha ya Urho Kettumäki

Ndugu waombolezaji, mimi ni Hilja, dada mkubwa wa marehemu, na kabla sijasoma naomba kila aliyeshika kikombe cha kahawa humu ukumbini aape kwamba nitakayosema mwishoni hayatavuka mlango ule, maana Urho angeniua, kama asingekuwa ametangulia yeye.

Marehemu Urho Kettumäki alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 huko Kuhmo, akasoma hapo hapo, mwaka 1983 akaingia chuo kikuu Oulu, na mwaka 1989 akaanza kazi ya kompyuta ambayo mimi nilielewa alipoacha kunieleza kisomi. Alisema, “Hilja, ndani ya kompyuta kubwa tunapangisha kompyuta za kuigiza, kila moja inajiona iko peke yake, na kila moja inataka kujua imefanya kazi kiasi gani, kwa hiyo mimi naziigizia vihesabio.” Nikamwambia, kumbe wewe ni fundi wa mita za umeme za wapangaji! Akanuna, ila hakukataa.

Tarehe 16 Juni 1990 alifunga ndoa na Saimi, huyu hapa mbele, na tarehe 2 Februari 1993 wakajaliwa binti yao wa pekee, Vellamo, ambaye akafuata kazi ile ile ya baba, wakawa mezani wanaongea wawili, sisi wengine tunapitishiana viazi.

Hapo ndipo palipoharibika. Oktoba 2019 Vellamo aliandika kwenye baraza lao la barua pepe, linalosomwa na mafundi wa dunia nzima, kwamba mita za baba yake hazisimami mgeni anapotoka, maana mpangaji wao humwita mgeni, yaani mpangaji yuko nje, mwenye nyumba anapasha sauna yake, na mpangaji ndiye anayehesabiwa. Urho akamjibu mbele ya wote, “Kapime tena, usitupotezee muda.” Vellamo hakuja Krismasi ile, wala zilizofuata, na Saimi aliendelea kumwandalia sahani.

Januari 2023 marehemu aligundulika ana saratani ya kongosho, na akiwa kitandani hospitalini akapima upya, akakuta mtoto alikuwa sahihi. Sasa kwao mafundi kuna desturi, ukituma kiraka cha kurekebisha pale barazani unaandika kosa lilitoka kwa nani na nani aliliona kwanza, na hayo hayafutiki, basi tarehe 2 Novemba akatuma kiraka, mkosaji Urho Kettumäki, aliyeona kwanza Vellamo Kettumäki. Saimi akamwambia, “Wewe mzee, si umpigie simu tu umwambie pole?” Akajibu, “Simu inapita, Saimi. Hii inabaki.” Akangoja. Mafundi wengine nao wakamngoja Vellamo, aliyetajwa jina, aseme kwanza. Kila asubuhi anafungua kompyuta, hakuna kitu, na chakula hakigusi.

Tarehe 20 Novemba Saimi alishindwa kuvumilia, akampigia Vellamo, naye asubuhi yake akapanda treni kutoka Tampere, lakini Urho alifariki tarehe 21 saa nne asubuhi, treni ikafika saa sita. Vellamo alikuwa amemjibu baba yake pale barazani akiwa njiani, akakuta kompyuta imefungwa, na tangu siku ile anaamini baba alikufa bila kusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji, wafanyakazi wenzake, na aliyeoka keki hii.

Sasa Vellamo, mwanangu, nitazame shangazi yako. Alisoma. Saa mbili ya asubuhi ile ile alifungua, akakuta umeandika, “Umezima mita mgeni anapotoka, lakini akirudi hujaiwasha. Rudia.” Akacheka, Urho yule, mpaka muuguzi akaja mbio, akasema, “Kanikaanga mbele ya dunia nzima! Hajanikatia tamaa, angekuwa amenikatia tamaa asingehangaika kunisahihisha.” Halafu akalia, akafunga kompyuta mwenyewe, akaomba uji, akaumaliza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, mita yako binti ataiwasha. Na aliyenipa haya ni Oiva Lintula, wa kitanda cha pili kule wodini, yule pale dirishani anayejificha nyuma ya keki, ambaye Urho alimwapisha asimwambie mtu kwamba alilia.