Geti Nitalifunga Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliosimama, asifiwe na sisi tulioketi!

Nyumbani Bukoba nilifundishwa kwamba mgeni haondoki peke yake. Unatoka naye, unatembea naye hadi njia panda, na huko njiani ndiko mazungumzo matamu huanzia. Nilihamia Johannesburg na desturi hiyo. Hapa Bellevue, kila aliyenitembelea nilimsindikiza hadi kwenye roboti, zile taa za barabarani pale chini.

Kisha baridi yabisi ikaingia magotini. Siku moja nilijikaza kumsindikiza mgeni, nikaanguka getini. Binti yangu akanikataza kabisa kutoka nje bila mtu wa kunishika. Ndugu zangu, maumivu niliyazoea. Kilichoniuma ni kuketi ndani nikisikia mgeni wangu akilifunga geti mwenyewe, kama mtu aliyefukuzwa! Wengine wakaacha kuja, wakisema tusimsumbue mzee. Nyumba ikapoa.

Nikaomba, nikafunga. Bwana, nirudishie miguu!

Ndipo familia moja ya hapa kanisani iliponiletea skuta ya umeme ya marehemu babu yao: kiti kipana, magurudumu manne, usukani, na kikapu mbele. Nikaitazama, nikasema, "Mimi niliomba miguu."

Baba Neema alikuwepo, fundi cherehani wetu kutoka Bukavu, ambaye huja kuomba nami kila Jumamosi. Akacheka. "Papa, Yesu aliingia Yerusalemu juu ya punda. Nani alimuuliza kama miguu yake iko na shida?"

Haleluya! Nikapanda. Wiki hiyo nilijifunza uani, nikauponda mchicha wote wa binti yangu, naye akanisamehe.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza maombi, Baba Neema akasimama kuaga. Nikamwambia, "Ngoja, nakutoa." Tukashuka pamoja hadi kwenye roboti, yeye kwa miguu, mimi kwa umeme, tukizungumza njia nzima. Pale akasita. "Papa, siwezi kukuacha barabarani. Nakurudisha."

Akanirudisha. Tulipofika getini nikamwambia, "Sasa wewe utaondokaje bila kusindikizwa?" Tukashuka tena! Na tena akanirudisha! Mwishowe mkewe akapiga simu: "Mume wangu alikuja kuomba, ama alihamia huko?"

Ndugu zangu, magoti yangu bado ni yale yale. Bado naomba, na Bwana anajua saa yake. Lakini kutoka kwenye kile kiti cha ndani nimekombolewa! Wewe unayengoja jibu, mtumaini. Akikuletea punda, usimwulize mbona si miguu. Panda!

Nawashukuru wote mlioniombea. Njooni Bellevue mnitembelee, chai ipo. Ila mtu asiniage mlangoni. Nitamfikisha kwenye roboti, kisha nitarudi, na geti nitalifunga mwenyewe. Amina!