Inas Tuscano, Dereva Aliyeiacha Treni Mpya

Tunayemzika leo hapa kijijini Giriz, Inas Tuscano, alizaliwa hapahapa wilayani Vasai tarehe 19 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mkulima wa ndizi. Alisoma shule ya parokia mpaka darasa la kumi, kisha akajifunza ufundi wa umeme.

Mwaka 1984 aliajiriwa na reli mjini Mumbai, na kuanzia 1996 akawa dereva wa treni za abiria wa kila siku. Treni zile zilikwenda milango wazi, watu wakining'inia nje. Katika miaka yake waliteleza watatu, wakafa. Majina yao aliyajua, na kila Novemba aliwaombea misa, ingawa wawili walikuwa Wahindu.

Alifunga ndoa na Filomena tarehe 9 Mei 1987. Walijaliwa binti mmoja, Hilda, ndiye mimi ninayesoma haya. Mama alifariki mwaka 2015.

Mapema 2017 marehemu alichaguliwa kujifunza treni mpya za kiyoyozi, zile ambazo haziondoki mpaka milango yote ijifunge. Alifurahi jamani. Jioni alifanya mazoezi jikoni, mwiko mkononi. Dada yake, shangazi Rozi, alimtania: "Kaka, hiyo treni inafika lini stesheni ya Churchgate? Wali unaungua!"

"Abiria atulie. Milango imefungwa."

Julai nikajifungua mwanangu Ansel, na mume wangu yuko Kuwait. Nikamlilia Baba aache kazi anisaidie. "Treni zipo kila siku, Baba," nilimwambia. Tarehe 31 Agosti akastaafu kwa hiari. Sikumuuliza anaacha nini.

Siku ya Krismasi treni mpya ya kwanza ikaanza safari. Baada ya misa alikwenda stesheni ya Borivali kuitazama. Aliyeiendesha ni Sanjiv Mhatre, mwanafunzi wake, naye ndiye aliyenisimulia. Watu waliirukia kabla haijasimama, kama tulivyozoea kugombea viti, wakajigonga kwenye milango. Baba akapaza sauti: "Ngojeni, jamani! Inafunguka yenyewe!"

Mama mmoja akamcheka: "Kwani mzee, wewe ndiye dereva?"

"Ilikuwa niwe mimi."

Watu walipokwisha kuingia, Mhatre akachungulia dirishani. "Mwalimu, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Tazama milango yako. Imefungwa?"

"Imefungwa."

"Basi nenda, watu wana safari."

Nyumbani alisema tu kwamba treni ni nzuri, ina baridi.

Mwaka jana figo zake zikaanza kushindwa. Wiki ya mwisho, hospitalini, nilimwomba radhi kwa ajili ya treni ile. Aligeuza uso ukutani. Kisha akauliza, "Ansel amekula?" Nikasema amekula. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha dada mmoja, Rozi, binti, Hilda, mkwe, Kalistus, na mjukuu, Ansel. Mungu ampe pumziko huyu aliyewafikisha wengi makwao.