Mkono wa Koleo

Benchi lile limeegemea ukuta kati ya kinyozi na ngazi za kliniki ya meno, na kila adhuhuri, buli la kahawa likishatua, halikosi watu watatu na hoja isiyo na mwisho. Kinyozi huitwa Wembe. Fundi cherehani huitwa Pindo. Na daktari wa meno, kipenzi cha wote wawili, huitwa Koleo. Siku hiyo Koleo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Asubuhi kijioo cha kukagulia meno kilikuwa kimemponyoka kikaangukia ulimi wa mgonjwa, kwa kuwa kidole gumba cha kulia na viwili vinavyokifuata vilikuwa vimekufa ganzi. Alasiri alikuwa na gego la kung'oa, na hakujua kama angeliweza.

Aliwaeleza wenzake bila kuficha: mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa miaka ya kukunja mkono uleule ndani ya vinywa vya watu, na hospitali wamemwambia apumzike, la sivyo apasuliwe. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakautupa utaalamu wote pembeni.

— Mshipa gani, bwana, — Wembe alisema. — Wewe umeng'oa maumivu ya mtaa mzima. Ulidhani yanakwenda wapi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? — Koleo aliuliza.

— Imeingia kwa mlango wake.

Pindo alikuwa na yake. Kwa maoni yake, magego yana kinyongo. Jino lililokaa nyumba moja tangu ujana haliwezi kuhamishwa kwa nguvu likanyamaza. Akashauri mkono uombe radhi. Wembe akaona heri kazi ihamie mkono wa kushoto, ambao haujamkosea mtu. Pindo akaapa kwamba meno ya chini yangeijua hila hiyo mara moja.

Koleo alicheka hata kahawa ikamwagika. Kisha akasema taratibu:

— Nikipumzika, ndugu zangu, nitakuwa nani?

— Utakuwa Koleo aliyepumzika, — Wembe alimjibu, akimjazia kikombe.

Mama mmoja, shavu limemvimba, alikuwa amesimama kwenye ngazi. Ndiye mwenye gego la alasiri. Alikuwa amewahi, na yote ameyasikia.

— Samahani, baba zangu. Daktari, ungekuwa wewe ndiye wa kukaa kwenye kile kiti, na mkono huo ungekuwa wangu, ungefungua mdomo?

Wembe akalitazama buli. Pindo akachuna uzi usiokuwepo kwenye suruali yake. Koleo akaweka kikombe chini. Kisha akatoa simu, akaipigia hospitali.

— Nina mgonjwa namleta huko, — alisema. Akautazama mkono wake wa kulia. — La, nisikilize vizuri. Ni wawili.