Dkt. Iap Chiu-kiok, Mpika Uji na Msomaji wa Barua (1951–2019)

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu, kijitabu mlichoshika kinasema marehemu ametutoka akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mkimuuliza shemeji yangu pale mbele, atawaambia ni sitini na tisa, na tumebishana naye siku nne nzima. Wote wawili tuko sawa. Kwa hesabu yetu ya nyumbani, mtoto huzaliwa na mwaka mmoja mkononi, na kila mwaka mpya unapoingia anaongezewa mwingine, hata kama kazaliwa juzi. Mimi nimeng'ang'ania hesabu ya vyeti, kwa sababu hiyo ya nyumbani nusura imnyang'anye dada yangu shahada yake ya uzamivu, na aliyeleta balaa ni mimi ninayewasomea, Chun-lan, mdogo wake wa pekee. Nitafika huko. Kwanza azaliwe.

Marehemu Iap Chiu-kiok alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1951 huko Madou, kaskazini ya Tainan, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Iap Thian-hok, mkulima wa mabalungi, na mama Ang Kin. Alilelewa zaidi na bibi yetu mzaa baba, mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasani lakini alisoma Biblia kila siku kwa herufi za kanisani, hizi a, be, che zinazoandika lugha yetu kama inavyotoka mdomoni. Bibi alimfundisha herufi hizo kwa wiki sita, jikoni, kwa kuandika kwenye unga wa mchele. Akikosea, unga ulifutwa na chapati ikasubiri. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa mwaka 1958, bibi akiwa ameshafariki, hivyo nilibahatika kula chapati bila masharti.

Alianza shule ya msingi hapohapo Madou mwaka 1958. Wengi wenu hapa mnazikumbuka enzi zile. Mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni alivishwa kibao cha mbao shingoni, na hakukivua mpaka amkamate mwenzake naye akisema. Chiu-kiok alikivaa wiki tatu mfululizo. Kusema alisema, ila kukamata wenzake alikataa. Mama alilia. Bibi, aliyekuwa amebakiza wiki chache za kuishi, alikigeuzageuza kile kibao akasema, "Mbao nzuri hii. Wakikuuliza njiani, waambie umeshinda mbio." Alimaliza darasa la sita mwaka 1964, wa pili katika darasa la watoto hamsini na wanne. Baba hakuwa na uwezo wa kumwendeleza, na marehemu hakumlaumu hata siku moja, ingawa mimi nililaumu kwa niaba yake.

Mwaka 1965 alikwenda Tainan mjini kumsaidia shangazi yetu kwenye kibanda cha uji wa mwatiko karibu na soko. Samaki yule ana miiba mia mbili na zaidi, na Chiu-kiok aliitoa yote kwa kisu kimoja huku akipiga soga. Shangazi alipostaafu mwaka 1979 alimwachia kibanda, naye akakiendesha hadi mwaka 2016. Alifungua saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa tano asubuhi, na mteja aliyechelewa alipewa pole na kiti, basi.

Alifunga ndoa na Kho Beng-tek, fundi pikipiki wa upande wa pili wa barabara, tarehe 16 Machi 1974 katika kanisa hilihili. Kabla ya posa, Beng-tek alikula uji pale kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, bakuli mbili mbili, na sote tukaamini kijana anapenda mwatiko. Ndoa ilipofikisha miaka kumi na moja, ndipo alipokiri mezani mbele ya wakwe kwamba harufu ya samaki yule humchefua tangu utoto. Chiu-kiok aliweka kijiko chini. "Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?" Shemeji akajibu, "Na wewe na akili zako zote unaniuliza?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Un-ti na Ian-jin.

Sasa nieleze habari ya masomo, maana wengi mliona aibu kuuliza. Mwaka 1996 mteja wake wa siku nyingi, mama mmoja wa Anping, alikuja kibandani na mfuko wa barua za marehemu nyanya yake. Wajukuu hawakuweza kuzisoma na yeye pia hakuweza, akawa anakwenda kuzichoma. Chiu-kiok akafungua moja tu, kwa udadisi. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, uji ukaungua sufuriani. Zilikuwa barua za wanawake wa zama za bibi yetu, wakiandikiana habari za mimba, mavuno, wakwe wakorofi na maumivu ya meno, kwa lugha yetu yenyewe, kwa herufi zilezile za kwenye unga. Aliniambia siku hiyo, "Chun-lan, hawa walijua kuandika kuliko mimi, na hakuna anayejua kama waliwahi kuwepo."

Kuanzia hapo hakushikika. Alijiunga na shule ya jioni mwaka 1997, akapata cheti cha sekondari mwaka 2000, shahada ya kwanza kwenye chuo huria mwaka 2005, na ya uzamili mwaka 2009. Septemba 2010 aliandikishwa kwa uzamivu katika lugha za Asia Mashariki, hapahapa Tainan, akiwa na miaka hamsini na minane ya vyeti. Mimi nilimpinga, sifichi. Nilimwambia, "Dada, wenzako wanatafuta miwani wasome bei sokoni, wewe unatafuta uzamivu?" Akasema, "Miwani ni ileile."

Mtihani wa kusoma Kijapani, uliokuwa sharti la shahada ile, alifeli mara mbili. Alibandika vitenzi kwenye ukuta wa kibanda, mvuke ukavikunja, na wateja wakawa wanamsahihisha kabla ya kulipa. Mara ya tatu, Mei 2014, alifaulu, na bakuli zote za asubuhi ile zilikuwa bure. Wanafunzi wenzake, vijana wa miaka ishirini na sita, walimwita Shangazi na kumfundisha kompyuta. Mmoja wao yuko hapa leo na anacheka tayari. "Shangazi, faili umelihifadhi wapi?" "Ndani ya mashine." "Mashine sehemu gani?" "We mtoto, ningejua ningekuita?"

Tasnifu yake ilihusu wanawake mia moja themanini na sita walioandika barua hizo, na sura ya nne, iliyokuwa moyo wa kazi yote, ilieleza wasichana walijifunza kuandika wakiwa na umri gani. Umri huo niliukusanya mimi. Nilizunguka vijijini na skuta miaka miwili, daftari kwenye kapu, nikiwauliza wajukuu, "Bibi alipoandika hii alikuwa na miaka mingapi?" Walinitajia, nikaandika, nikapewa balungi, nikaondoka. Kuuliza si ujinga, lakini swali la pili, kwa hesabu ipi, sikuliuliza. Chiu-kiok hakuliona kosa. Msimamizi wake, Mwalimu Siau, hakuliona pia. Sote nyumbani tunahesabu hivyo hivyo, nani angeshtuka?

Novemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: Julai atakuwepo? Maana miaka yake tisa ya chuo, pamoja na ile miwili ya likizo, ilikuwa inakwisha tarehe 31 Julai 2019, na asiyemaliza siku hiyo hufutwa jina. Daktari alisema Julai inawezekana. Chiu-kiok akasema, "Basi tusigombane na Agosti."

Utetezi wa tasnifu ulifanyika Ijumaa tarehe 21 Juni. Mnajua desturi ya vyuo vyetu, mtahiniwa ndiye anayewalisha wanaomtahini, kwa vikasha vya chakula na chai. Yeye, ambaye siku hizo hata maji yalimshinda kumeza, alifika na sufuria la uji wa mwatiko la watu thelathini, shemeji kalibeba. Mwalimu Siau akanong'ona, "Mama, kawaida ni vikasha." "Mwalimu, kuna mahali wameandika kikasha kiwe na ukubwa gani?" Alitetea kwa lugha ya nyumbani, saa nzima, ameketi, na mimi niliyekuwa nyuma nilielewa kila neno la uzamivu kwa mara ya kwanza.

Kisha Profesa Giam, mtahini kutoka Taipei, alifungua ukurasa wa themanini na nane. "Mama Iap, msichana huyu aliandika Machi 1913. Umesema ana miaka kumi na minne. Kitabu cha kanisa kinasema alizaliwa Desemba 1900. Hiyo ni miaka kumi na miwili. Nani kakosea, wewe au kanisa?"

Mwalimu Siau alianza kuhesabu kwa vidole. Chiu-kiok aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilitamani sakafu inimeze. Walimfaulisha kwa sharti moja: umri wote usahihishwe, mmoja mmoja, na tasnifu ikabidhiwe kabla ya tarehe 31 Julai. Haikutosha kutoa mwaka mmoja kote, maana ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikuwa haijafika mwaka ule alipoandika hupunguzwa miwili. Ilibidi kila jina litafutwe kwenye vitabu vya ubatizo. Siku arobaini zilibaki, na kumi na nane kati ya hizo alikuwa wodini.

Niliangua kilio kwenye korido. Alinishika mkono akasema, "Nyamaza. Kulia hakuna kwenye sharti. Unajua kusoma vitabu vya ubatizo?" Sikujua. Vimeandikwa kwa herufi za kanisani, nami sikuwahi kujifunza. Akanifundisha palepale hospitali, kitandani, siku tisa, nikiwa na miaka sitini, bila unga. Wanawake wa kanisa hili wakajitolea kumi na mmoja, mimi wa kumi na mbili. Tulikaa kwenye ukumbi wa chakula huku nyuma, vitabu mezani, kila mmoja na wanawake wake kumi na watano au kumi na sita, tukipekua tangu asubuhi. Akipatikana mmoja, aliyempata alipiga kelele, "Nimempata! Mdogo kuliko tulivyoandika!" nasi tukashangilia kama tumempokea stesheni. Wale ambao vitabu havikuwataja tuliwafuata makaburini na kwa wajukuu, na safari hii niliuliza maswali yote mawili.

Hesabu mpya zilipokamilika, nilimpelekea kwa woga. Alizisoma mara mbili, kisha akaanza kucheka mpaka muuguzi akaja kushika chupa ya dripu. Wasichana wale walikuwa wameanza kuandika wadogo zaidi kuliko alivyothubutu kudai. Sura ya nne ilisimama imara kuliko mwanzo. "Chun-lan," alisema, "ungeuliza vizuri tangu mwanzo, nisingepata kuwashangaza." Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Jumatatu tarehe 29 Julai 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifikishwa maktaba ya chuo kwa kiti cha magurudumu, tasnifu ikiwa mapajani. Karani aligonga muhuri na kumpa karatasi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, kana kwamba ni mkataba wa shamba, akaikunja akampa shemeji, akasema ana njaa. Alikula nusu bakuli.

Miezi miwili iliyofuata aliishi nyumbani, akipokea wageni waliomwita Daktari Iap na kuwasahihisha waliomwita hivyo kwa kejeli. Kila alasiri nilimsomea barua moja. Sikuwahi kusoma mstari mzima bila kukatizwa. Jumatano tarehe 2 Oktoba nilimsomea ya yule msichana wa 1913, anayemwomba mama yake amtumie balungi na amwambie kaka asiliguse. Nilidhani kalala, nikaliruka neno moja gumu. Bila kufungua macho alisema, "Rudia." Nikarudia, na mara hii nikalipata. Hakusema neno jingine. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2019, mume wake akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mume, Kho Beng-tek, aliyeniomba niseme kwamba tangu alipokiri hajala mwatiko tena ila siku ya utetezi, na siku hiyo alikula bakuli mbili. Ameacha pia binti yake Un-ti na mwanawe Ian-jin, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na mimi. Shahada yake ilisajiliwa kwa jina lake kamili. Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wangu kwa herufi za kanisani, kurasa tano, mara ya kwanza maishani, na hapakuwa na wa kuukagua. Nimeurudia mara nne.

Dada, pumzika kwa amani. Yako yote yameshapokelewa, hakuna sahihisho lililobaki.