Papa Honoré Nshobole, Fundi wa Remorki za Boti (1952–2019)

Papa Honoré Nshobole alizaliwa kisiwani Idjwi tarehe 14 Mei 1952, katika familia ya wakulima. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akaanza ufundi Bukavu. Baba yake alipofariki aliacha masomo, akaja Goma mwaka 1971.

Hapa alijulikana kwa kutunza magurudumu ya remorki, yaani trela zinazoshusha boti ziwani. Alikuwa akiosha rulma, zile beringi za ndani ya gurudumu, akizijaza grisi mpya, na kubadili mpira unaoziba ili maji yasiingie. Neno la dereva hakuliamini kamwe. Alitanguliza kiganja chake kwenye gurudumu.

"Bado moto. Ukiliingiza majini sasa, litavuta maji ndani."

"Papa Honoré, wewe unashuku hata gurudumu!"

"Ndilo naanza nalo."

Tarehe 5 Agosti 1978, huko mtaani Mapendo, hapa Goma, alifunga ndoa na Mama Valérie. Msimamizi wao alikuwa fundi mwenzake, Papa Mushagalusa.

Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita ilipokaribia, boti moja ilitakiwa kuvusha familia za mtaa. Mafundi hao wawili waliyafunga pamoja magurudumu ya remorki yake. Kesho yake, kwenye barabara ya Lac Vert, gurudumu lilikwama. Papa Honoré alilifungua: mpira ulikuwa umekatwa kwa kisu na grisi imefutwa yote. Watu wakakimbia kwa miguu kuelekea Sake. Mama Domitille, mamake Valérie, alipotelea njiani. Hakuonekana tena.

Askari walimkamata Papa Honoré wakimshuku kwa hujuma hiyo, wakampiga.

"Nani alikutuma?"

Moyoni alikuwa na jina moja tu, la Mushagalusa. Lakini hakumwona akikata, kwa hiyo hakulitamka. Walipomwachilia, hakumsalimu tena rafiki yake. Wakipishana sokoni, kila mmoja alitazama pembeni.

Mwaka 2018 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa. Januari 2019 Papa Mushagalusa alikuja hospitalini bila kuitwa, akasimama mlangoni. Mama Valérie alikuwepo.

"Ni wewe ulikata?" mgonjwa akauliza.

"Mimi? Muzee, miaka yote nilijua ni wewe! Walipokupiga nilingoja uniseme. Hukunisema, nikazidi kukuogopa. Nikafikiri, huyu mutu anaficha ya kwake."

Papa Honoré alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, akauliza:

"Basi ni nani?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Vuta kiti."

Mushagalusa alirudi kila siku. Alikuwa amemshika mkono Papa Honoré alipokata roho, asubuhi ya tarehe 9 Februari 2019. Aliyekata mpira ule hajajulikana hadi leo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Valérie, watoto Eugénie, Benny na Alliance, wajukuu tisa, na Papa Mushagalusa, ambaye leo ameketi upande wa familia.

Bwana ampokee Papa Honoré, ampe usingizi usio na wasiwasi.