Samahani ya Mzee Kasmiri kwa Balbina

Mzee Kasmiri Raimundi alizaliwa Mahenge tarehe 4 Machi 1958, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa mitambo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa Ifakara na Agnetha. Siku ya posa alivaa viatu vya kuazima vilivyombana, akakaa kimya muda wote. Wakwe wakamsifu kuwa ana adabu.

Mwaka 1996 akawa msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni. Kazi alijua kuisukuma, hilo hakuna wa kulikana. Lakini msimu wa mavuno wa 2016, foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani, mwendesha mashine Balbina alisimamisha mtambo ajaribu kulegeza roli zinazomenya mpunga, mchele usitoke chenga. Mzee alimfokea mbele ya wateja wote: "Hapa tunakoboa! Majaribio kafanyie kwenu!" Balbina akafungua kanga ya kiunoni, akaacha kazi, akaenda zake kulima kijijini Michenga.

Tangu siku hiyo wafanyakazi walimjibu Mzee neno moja tu: "Sawa, mzee." Wateja walipohamia mashine za Lumemo kufuata mchele usiokatika, aliwaita wafanyakazi akawaomba mawazo. Wote wakatazama chini. Jioni hakugusa chakula. "Mama Deus," alimwambia mkewe, "nimewaziba watu midomo, leo nawaomba waseme. Naona haya." Na haya ile haikumtoka. Akatenga mashine moja ya kujaribia kila Jumatatu. Aliyejaribu akakosea alipata posho yake kama waliokoboa. Wateja wakarudi polepole. Balbina hakurudi.

Novemba 2024 Mzee alipata kiharusi. Balbina alikuja kumwona hospitali, Mzee akageukia ukutani.

"Shikamoo, mzee. Hata mimi siku ile sikuwa na hakika kama kulegeza roli kungefaa."

"Marahaba, mwanangu," alisema kwa shida. "Ndiyo maana ilinipasa nikuache ujaribu."

Alifariki tarehe 11 Februari 2025. Ameacha mjane, watoto wawili, Deus na Eveline, na wajukuu watano.

Dada Balbina, tunajua umesimama huko nyuma. Mzee alituagiza tuyasome haya hapa kaburini, maana alikufokea mbele ya watu, na samahani akataka uipate mbele ya watu. Tunakuomba usogee, uweke udongo pamoja na wanawe.

Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.