Mwanangu Alikatwa Kimeo, Akaendelea Kukoroma

Ndugu zangu wa jumuiya, naona mmeshaandaa vigelegele vya shukrani yangu. Vihifadhini kwanza.

Mwanangu mnamjua. Tangu alipoanza kutembea alikuwa akihema kwa mdomo. Akilala anakoroma kama mtu mzima, kisha ananyamaza kabisa, kifua kinavuta na hewa haiingii, halafu anashtuka. Shuleni wenzake wakamwita Trekta. Mwalimu akasema ni mvivu, anasinzia darasani. Nani asingesinzia?

Mimi ni mtu wa kuuliza, nikauliza. Kila mlango hapa mtaani nilijibiwa neno moja: kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni, eti kimerefuka, kikatwe. Nikasema, "Kimeo kiko kooni, mbona kinachoziba ni pua?" Mama mmoja, yupo hapa, simtaji, akanijibu, "Wewe na digrii yako, umelea wangapi?" Wote mkacheka. Na mimi nikacheka, ili yaishe.

Nikaenda Namtumbo kikazi. Niliporudi nilimkuta mtoto amekaa mkekani, kanga imelowa damu, hawezi kumeza hata mate.

"Tumekusaidia," bibi yake akaniambia. "Mkata vimeo yule ana mkono mwepesi."

Baba yake akatazama chini. "Mama alikuwa na nia njema."

Ndugu zangu, nawaambia, nia njema ile haikumpa mwanangu hewa. Kidonda kilipona, akakoroma vilevile. Mchana mmoja, amelala kwenye kochi, nikaona midomo imebadilika rangi. Safari hiyo sikuuliza mtu. Nilimbeba hadi hospitali ya misheni.

Daktari alimpiga eksirei, akanionyesha nyama zilizovimba nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo hata ukimpanua mtoto mdomo huwezi kuziona. Zilikuwa zimebakiza upenyo mwembamba tu. Kisha akammulika kooni, akakunja uso.

"Nani alimkata hapa?"

Kisu kilikuwa kimeondoka na kipande cha kaakaa.

"Nikizitoa nyama atapumua," akasema. "Lakini kwa kovu hili, kaakaa halitaweza kuifunga njia ya puani, na sauti inaweza kutokea huko."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Siku hizi analala amefunga mdomo, na darasani yuko macho. Lakini akinywa chai haraka, inamtoka puani. Akisoma kwa sauti, wale wale waliomwita Trekta wanamwiga. Hicho ndicho mlichotaka kukipigia vigelegele.

Namshukuru daktari. Namshukuru jirani aliyetuletea uji wodini bila kunihoji. Namshukuru na bibi yake, ambaye alilia mbele yangu. Aliyeshika kisu hajalia.

Mtoto akikoroma na kuhema kwa mdomo kila siku, apelekwe hospitali akatazamwe nyuma ya pua, kabla mtu hajagusa koo lake. Sina funzo jingine.

Leo asubuhi nimepita kwa mkata vimeo. Akina mama wamejipanga kwenye benchi na watoto wao, wananisalimia vizuri tu. Wawili kati yao ni ninyi mliokaa hapa mbele yangu. Sijui mmeshakatiwa au mmeambiwa mrudi kesho. Kama ni kesho, nawaomba, msirudi.